Jinsi ya kupima handaki linalosogea: maelekezo kwa wapimaji wapya kutoka Lamu

Vijana wa hapa Lamu wanaopata kazi ya upimaji kwenye mahandaki ya bara hunipigia simu kabla hawajapanda basi, na swali lao la kwanza huwa ni la chombo: ninunue kipi, nijifunze programu gani? Mimi huwaambia waje kwanza mtaani kwetu Langoni, tukapime wikio.

Wikio letu limevuka uchochoro na kuunganisha nyumba yetu na ya ami yangu. Chini yake zinatazamana kuta mbili za matumbawe na chokaa, na juu pana dari ya boriti. Upana haufiki mita 3, maana urefu wa boriti za mikoko ndio uliompangia fundi. Kuta hizo zimesimama vizazi na vizazi na hazitikisiki, na ndiyo sababu nazitumia. Kijana akipima umbali wa ukuta kwa ukuta alfajiri, akapima tena adhuhuri, na kesho akarudia, tofauti yoyote atakayoipata si ya nyumba. Ni ya mkono wake, ya chombo chake na ya joto la siku. Handakini hapati tena nafasi ya kulijua hilo, kwa sababu kule mwamba unasogea kweli, na foromani anataka jibu kabla ya baruti nyingine.

Basi anza hapo. Lijue kosa lako wewe kabla hujausingizia mwamba.

Zoezi la chini ya wikio

Usitoboe ukuta. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na hata bila hilo matumbawe yakitobolewa hovyo humeguka na chokaa hufuata. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, kisha bandika stika za kuakisi kwa nta: moja kila ukuta kwa urefu wa kifua, moja kila ukuta karibu na dari, na moja kwenye boriti ya katikati. Hizo ni alama tano, sawasawa na utakazoziweka kwenye mkato mmoja wa handaki, yaani mahali pamoja unapolizungushia handaki alama kutoka ukuta hadi ukuta.

Weka chombo, yaani totali stesheni inayopima pembe na umbali kwa pamoja, upande mmoja wa uchochoro, mbali kidogo ili pembe isiwe kali. Mahali pawili panapoonekana na hapasogei, kama pembe za kuta nene za nyumba za jirani, bandika stika za rejea. Pima alama zote, halafu ling'oe chombo kabisa, lihamishe hatua chache, lisimamishe upya na upime tena. Rudia mara kumi. Punda akipita na mzigo wa mchanga simama, ngoja apite, angalia kama mguu wa chombo haukuguswa, ndipo uendelee. Handakini punda wako atakuwa lori.

Sasa toa namba kubwa kwa ndogo kwa kila umbali. Ukikuta zinatofautiana kwa milimita 2, basi huna ruhusa ya kuandika kwenye ripoti kwamba ukuta umesogea milimita 1. Tena kumbuka kwamba msogeo ni tofauti ya vipimo viwili, na kila kimoja kina kosa lake. Kosa la milimita 1 kwa kila kipimo huzaa kosa la karibu milimita 1.4 kwenye tofauti yao. Mimi msogeo ulio chini ya mara mbili ya kosa langu siuiti msogeo. Nauandika, nausubiri kipimo kinachofuata.

Ukiwa na tepu ya chuma ya kunyoosha kwa springi, ifanyie zoezi hilohilo na uandike joto la hewa kila mara. Chuma cha mita 10 hurefuka karibu milimita 0.12 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kutoka alfajiri hadi adhuhuri hapa kwetu joto likipanda nyuzi 6, tepu ya urefu huo peke yake inakupa milimita 0.7 za uongo. Kwa tepu inayoweza kusoma sehemu ya kumi ya milimita, hilo ni kosa kubwa sana.

Hapo ndipo ninapojibu lile swali la chombo. Pembe ya sekunde 1, yaani sehemu ya 3600 ya digrii, kwa umbali wa mita 100 ni takriban nusu milimita. Totali stesheni ya sekunde 5 kwa umbali huo inakosea zaidi ya milimita 2, kwa hiyo haifai kufuatilia handaki hata iwe mpya namna gani. Tafuta ya sekunde 1, na usipige mbali zaidi ya mita 100. Programu utafundishwa hukohuko.

Mwamba unavyosogea

Ukichimba tundu kwenye mlima, uzito uliokuwa umebebwa na mwamba ulioondolewa unahamia pembeni. Kuta zinabana kuelekea ndani, dari inashuka, na sakafu mara nyingine inainuka. Hilo lenyewe si hatari. Wahandisi wa Austria, na Ladislaus von Rabcewicz akiwa mmoja wa waliotangulia, walijenga njia nzima ya uchimbaji juu ya jambo hilo, na njia hiyo ilienea tangu miaka ya 1960: uache mwamba usogee kiasi ili ujibebe wenyewe, uusaidie kwa zege la kunyunyiza, wavu wa chuma na bolti, halafu uupime kila siku ujue kama umetosheka. Maana yake ni kwamba kwenye njia hiyo mpimaji ni sehemu ya uimara wa handaki. Asipopima, au akipima vibaya, hakuna anayejua kama zege la jana linatosha.

Sehemu ya msogeo, pengine robo hadi theluthi, hutokea hata kabla uso wa uchimbaji, yaani ukuta wa mbele unaochimbwa, haujafika mahali ulipo. Hiyo imekwishapotea na hutaipata kamwe. Inayobaki huenda kwa kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kadiri uso unavyosonga mbele, na kwenye mwamba mzuri inakaribia kutulia uso ukishaenda mbele kwa upana wa handaki mara mbili au zaidi. Kwenye udongo laini au mwamba uliopondeka inachukua muda mrefu zaidi.

Kipimo cha kwanza

Ningeambiwa nifundishe jambo moja tu, ningefundisha hili. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mapema iwezekanavyo baada ya alama kuwekwa, kabla ya mlipuko unaofuata, na alama iwe karibu na uso wa uchimbaji, mita moja au mbili nyuma yake. Kila saa unayochelewa, msogeo mkubwa kuliko wote unapita bila mtu kuuona, halafu grafu yako inaanza pale mwamba ulipokwisha kupoa. Mhandisi ataiona laini iliyolala na atadhani mambo ni salama. Grafu hiyo haitakuwa na hata tarakimu moja ya uongo, na bado itampotosha.

Kwa hiyo panga na foromani wa shifti mapema. Bolti za alama ziwe zimekatwa tayari, prizimu (vioo vya alama vinavyorudisha mwanga wa chombo) zimefutwa, chombo kimeshapata joto la handaki. Chombo kikitoka kwenye gari lenye baridi na kuingia kwenye joto na unyevu, kioo kinapata ukungu na vipimo vinayumba. Kadiria dakika 2 kwa kila nyuzi 1 ya tofauti kabla ya kukiamini. Usipite chini ya dari ambayo haijaangushwa mawe yaliyolegea na kupigwa zege la kwanza, hata ukiharakishwa na nani. Alama ya dari itasubiri zege. Wewe huna cha kubadilishwa nacho.

Pima mara mbili, kwa pande zote mbili za chombo (darubini ikiwa imegeuzwa mara ya pili), na umruhusu mwenzako achukue mara ya pili kwa kusimamisha upya. Vipimo viwili vikikubaliana ndani ya kosa lile ulilolijua chini ya wikio, andika wastani wake kuwa sifuri yako. Visipokubaliana, rudia palepale. Kesho huwezi kurudia jana.

Kuweka alama

Tumia bolti fupi iliyoingia ndani ya mwamba na kushikwa kwa gundi au saruji ngumu, isiishie kwenye zege la juu tu, maana zege likibanduka utapima safari ya zege. Dari moja, mabega mawili (pale ukuta unapojipinda kuwa dari), na kuta mbili chini kidogo ndiyo desturi. Kwenye mwamba mbovu mikato iwe kila mita 5 hadi 10. Kwenye mwamba wa wastani mita 10 hadi 30. Kwenye mzuri unaweza kufika 50. Palipo na ufa mkubwa, maji mengi au makutano ya mahandaki mawili, ongeza mkato bila kungoja kuambiwa.

Andika namba ya alama kwa rangi pembeni na uzungushie duara, dereva wa lori ajue si mahali pa kuning'iniza waya wa taa. Na usichanganye prizimu. Kati ya prizimu kubwa na ndogo, hata za kampuni moja, thabiti, yaani kiasi ambacho chombo huongeza au kupunguza kwenye umbali kwa ajili ya prizimu, inaweza kutofautiana kwa milimita 17.5. Ukiona alama moja imeruka kiasi kama hicho usiku mmoja na majirani zake wote wametulia, kaangalie kwanza kama kuna mtu amebadilisha prizimu, kabla hujaamsha kambi nzima.

Vituo vya rejea

Handaki la Ngong, refu kuliko yote kwenye reli ya SGR ya Nairobi hadi Naivasha, lina kilomita 4.5. Katikati ya handaki kama hilo mlango hauonekani. Huna kitu cha nje cha kulenga, na kila ukuta unaoushika unaweza kuwa nao unasogea. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wapimaji wapya ni kuchagua vituo vya rejea vilivyo karibu ili picha iwe safi, kumbe navyo viko kwenye eneo linalobana. Vinakwenda pamoja na alama, na msogeo unafutika kwenye hesabu.

Fanya hivi. Chagua rejea angalau nne kwenye sehemu ya nyuma iliyokwishatulia kwa mujibu wa vipimo vyenyewe, umbali wa upana wa handaki mara tano au zaidi kutoka kwenye uso wa uchimbaji, zikiwa kuta zote mbili na kwa urefu tofauti. Simamisha chombo popote panapofaa kati ya rejea na alama, kisha acha chombo kikokotoe mahali kilipo kutokana na rejea hizo. Kila mara soma mabaki ya hesabu, yaani tofauti kati ya ulichopima kwa kila rejea na kile hesabu inachotarajia. Rejea moja ikianza kutoa mabaki yanayokua siku hadi siku, imeacha kuwa rejea. Itoe, na uandike tarehe uliyoitoa. Halafu kila wiki au kila mwezi, kutegemea kasi ya uchimbaji, leta mstari kamili wa vipimo, kituo hadi kituo, kutoka vituo vya nje ya mlango, vilivyojengwa kwenye mwamba imara mbali na mteremko. Kwa urefu wa juu na chini, pitisha mashine ya levo na stafu (fimbo yenye vipimo) hadi ndani. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeipigia makofi, lakini kushuka kwa dari nakuamini zaidi nikishakulinganisha na levo.

Mstari wa kulenga usipite karibu na ukuta wala bomba la hewa. Hewa yenye joto tofauti hupinda mwanga. Vumbi likiwa zito ngoja feni ifanye kazi yake. Chombo kitakupa namba hata kwenye vumbi, na namba ile itaonekana nzuri.

Vyombo vingine, kwa ufupi

Tepu ya springi bado ni bora kwa handaki dogo ambako unaufikia ukuta kwa mkono. Inakupa umbali tu, haikuambii ni ukuta upi uliosogea. Skana ya leza inapiga picha ya uso mzima na itakuonyesha uvimbe katikati ya alama zako, lakini usahihi wake handakini ni wa milimita kadhaa, kwa hiyo itumie pamoja na prizimu, isishike nafasi yake. Ekstensomita za fimbo, zinazozamishwa mita kadhaa ndani ya mwamba, zinaeleza kina cha msogeo: kama ni ngozi ya juu tu inayolegea au mlima unakuja wote. Inklinomita hutumika zaidi kwenye mashimo ya wazi na mlangoni, kuangalia mteremko unavyoinama. Ufa kwenye zege wekea kipimo cha ufa siku ileile unayouona.

Handaki likiwa karibu na uso wa ardhi, na kuna nyumba au barabara juu, weka pia mistari ya alama za levo huko juu, ikikata handaki kwa upana. Ardhi hushuka kwa umbo la bonde, katikati zaidi na pembeni kidogo; Ralph Peck alilieleza umbo hilo mwaka 1969, na mpaka leo ndilo wahandisi wanaloanza nalo. Anza kupima kabla uchimbaji haujafika chini yake.

Mara ngapi

Wengi wenu mtakutana na kanuni za Kichina, kwa kuwa kampuni za huko zimechimba mahandaki mengi ya Kenya. Zinatazama mambo mawili: umbali kutoka uso wa uchimbaji na kasi ya msogeo. Ndani ya upana mmoja wa handaki, pima mara mbili kwa siku. Kati ya upana mmoja na miwili, mara moja kwa siku. Kutoka hapo hadi mara tano ya upana, kila siku mbili au tatu. Zaidi ya hapo, kwa wiki. Kasi ikizidi milimita 5 kwa siku unarudi kwenye mara mbili kwa siku, haidhuru uso uko wapi. Vigezo viwili vikipingana, fuata kile kinachotaka upime zaidi.

Kwangu mimi hicho ni kiwango cha chini. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mlima, au mtiririko wa maji ukibadilika rangi, ingia ukapime.

Kusoma grafu

Chora msogeo kwa siku, na chini yake, kwa mizani ileile ya siku, chora uso wa uchimbaji uko wapi. Bila mstari huo wa pili utashtuka bure kila baada ya baruti.

Tuseme dari imeshuka milimita 6 siku ya kwanza, 4 siku ya pili, kisha 2.5, kisha 1.5. Jumla ni 14, na kwa mtu wa nje inatisha. Mimi nalala vizuri, kwa sababu kila siku ni ndogo kuliko iliyotangulia. Sasa chukua dari nyingine: 1, 1, 1, 1. Jumla ni 4 tu, lakini hainipi usingizi hata kidogo, hasa kama uso wa uchimbaji umesimama. Msogeo usiopungua wakati hakuna anayechimba maana yake kuna kitu kinaachia. Na ikiwa 1, kisha 1.2, kisha 1.8, usimalize chai. Toa watu, ndipo upige simu.

Jumla nayo ina mpaka wake. Kubana kukikaribia asilimia 1 ya upana, yaani kama sentimita 10 kwa handaki la mita 10, tarajia matatizo ya kushikilia mwamba, na mhandisi awe ameshakaa na wewe muda mrefu kabla ya kufika hapo. Ipo milima ambako kubana kukubwa kumepangwa tangu mwanzo: kwenye handaki la Gotthard huko Uswisi, lenye kilomita 57 na lililofunguliwa 2016, sehemu ya Sedrun ilijengwa kwa pete za chuma zinazoteleza ili mwamba upate kubana bila kuvunja kitu. Huko namba kubwa ilikuwa ndani ya hesabu. Ndiyo maana mipaka ya kijani, njano na nyekundu huwekwa na mhandisi wa handaki hilohilo, kwa maandishi, kabla ya kuanza. Usibebe mipaka ya kazi moja kwenda nayo nyingine.

Tazama pia mwelekeo. Totali stesheni inakupa msogeo wa pande tatu, na wengi hutupa ule wa kuelekea mbele na nyuma ya handaki. Uchore. Kwenye mwamba wa aina moja mwelekeo huo una tabia yake. Ukianza kugeuka mkato baada ya mkato, mara nyingi mwamba ulio mbele, ambao bado hujauona, umebadilika ugumu. Ni habari ya siku kadhaa kabla, nayo haikugharimu kitu.

Namba iende kwa mtu

Tarehe 21 Oktoba 1994 mahandaki ya reli yaliyokuwa yakichimbwa chini ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, yaliporomoka. Hakufa mtu. Tarehe 20 Aprili 2004 shimo la ujenzi wa reli ya chini ya ardhi karibu na barabara ya Nicoll, Singapore, lilianguka, na watu 4 walikufa. Kote kuwili vyombo vilikuwapo na vipimo vilichukuliwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dalili zilikuwa zimekwishaandikwa, hazikusomwa na kufuatwa ipasavyo. Naomba kila kijana ninayemfundisha ayakumbuke haya mawili kila anapofunga kompyuta.

Kwa hiyo siku ya kwanza kazini uliza: nikiona nyekundu saa nane ya usiku, nampigia nani, na yeye ana mamlaka ya kusimamisha kazi? Ukikosa jibu, usiingie mpaka lipatikane. Grafu itoke ndani ya saa chache baada ya kupima, si mwisho wa wiki. Iandikie maneno mawili matatu: mkato wa cheneji fulani (umbali wake kutoka mwanzo wa mstari), bega la kushoto, kasi imepanda tangu jana, uso haujasogea. Mhandisi aliyekesha hasomi jedwali la safu ishirini. Na mpelekee mkononi, umwone akiisoma.

Lini uache

Kanuni zile za Kichina huruhusu zege la mwisho limwagwe pale kubana kwa kuta kunapopungua chini ya milimita 0.2 kwa siku na kushuka kwa dari kukiwa chini ya 0.15, na msogeo mwingi ukiwa umeshakwisha. Angalia hapo kama chombo chako kinaweza kuziona namba ndogo kiasi hicho kwa siku moja. Hakiwezi. Chukua siku saba au zaidi, pitisha mstari kwenye grafu, ndipo useme kasi.

Kabla hawajatandika karatasi ya kuzuia maji na kumwaga zege la mwisho, pima mikato yote kwa mara ya mwisho siku moja, ng'oa prizimu, na uhifadhi faili pamoja na tarehe za kila rejea iliyotolewa. Zege likishakauka weka alama mpya juu yake, zenye majina mapya yasiyofanana na ya zamani, na uchukue sifuri nyingine kabla treni au maji hayajapita.